Ametajwa mara ngapi?

Nimekuwa kimya kidogo hapa. Si kwamba nimeishiwa maneno, ni kazi. Mwandishi wa gazeti la kila siku hana wiki, ana siku tu, na siku ikiisha mhariri anauliza kesho una nini. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Gazetini nililiandika nusu tu. Nusu nyingine naileta hapa.

Ilianza hivi. Kikao cha asubuhi kilikuwa kimekwisha, mhariri wangu akaniita mezani kwake.

"Dogo, kuna daktari bingwa wa mishipa ya fahamu anastaafu. Wenzake wanasema ni mtu mzito. Nataka maneno mia nane, ukurasa wa kati, Jumapili."

Nikauliza, mzito kwa nini?

"Ametafiti sana. Ingia mtandaoni uone ametajwa mara ngapi."

Nikaingia. Google Scholar haina uchoyo: unaandika jina, inakuletea orodha ya makala zake, na pembeni kuna kijisanduku chenye namba. Inakuambia makala za mtu huyo zimetajwa mara ngapi ndani ya makala za watafiti wengine. Namba ya daktari wetu ilikuwa kubwa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti njiani. Kwani mwandishi anataka nini zaidi? Namba haibishi, haiombi isitajwe jina, haipigi simu kesho yake kusema umeninukuu vibaya. Palepale nikaandika aya ya kwanza, na namba ile ikawa ndilo neno la kwanza la aya.

Jioni nikampigia daktari mwenyewe. Shikamoo daktari. Marahaba, mwanangu. Nikamsomea aya yangu nikidhani namfurahisha. Akakaa kimya kidogo. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanitia haya:

"Katika hizo kazi zangu, umesoma ipi?"

Sikuwa nimesoma hata moja.

Ingekuwa nafuu angenigombeza. Hakunigombeza. Alicheka kidogo akaniambia nifike kwake kesho. "Nitakupa karatasi moja, na si yangu. Isome kwanza. Habari za namba tutazungumza baadaye."

Kabla sijafika kwenye karatasi hiyo, ngoja nieleze hii namba ni kitu gani, maana usiku ule sikulala nikiisoma habari yake. Nilisoma chuo kikuu miaka mitatu, nikaandika marejeo mwisho wa kila kazi ya darasa kwa sababu ukisahau unakatwa maksi, na sikuwahi kujiuliza yanakwenda wapi.

Mtu aliyeanzisha mambo ya kuhesabu ni Mmarekani, Eugene Garfield. Mwaka 1955 aliandika makala katika jarida la Science akipendekeza iwepo faharasa ya kuonyesha nani kamtaja nani. Mwaka 1964 taasisi yake iliyokuwa Philadelphia ikaanza kuitoa. Ukisoma alichokuwa anakitaka mwanzoni, hakutaka kuwapanga watu kama ligi. Alitaka msomi anayetegemea kazi ya mwenzake aweze kufuata nyayo na kujua: hii kazi imewahi kukosolewa? Kuna aliyeirudia akakuta si kweli? Yaani faharasa ilikuwa ya kukinga watu wasijenge nyumba juu ya mchanga.

Wale waliokaa chuo cha Kurani utotoni wataelewa haraka. Mwalimu hakuruhusu useme "nimesikia kwamba". Kapokea kwa nani, na huyo kapokea kwa nani? Ule mnyororo unaitwa sanadi. Kumtaja aliyekutangulia ni kulipa deni, na pia ni kumwachia njia mtu wa nyuma yako aweze kurudi mpaka kwenye chemchemi na kuonja maji mwenyewe.

Lakini binadamu tukipewa kitu kinachohesabika, tutakihesabu. Faharasa ya kufuata nyayo ikageuka mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005 mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, akaja na kipimo kinachojulikana kwa herufi h. Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua kazi zote za mtafiti, zipange kuanzia iliyotajwa zaidi, kisha shuka nazo ukihesabu. Kama ana kazi 10 ambazo kila moja imetajwa walau mara 10, na hana 11 zilizofika 11, basi kipimo chake ni 10. Ndiyo hivyo tu.

Sasa angalia mambo ya kipimo hiki. Mtu aliyeandika kazi moja maishani, kazi hiyo ikatajwa mara 5,000, kipimo chake ni 1. Aliyeandika kazi 30 za kawaida na kila moja ikatajwa mara 30 na wenzake wa kundi moja, nipe nikupe, kipimo chake ni 30. Kijana aliyeanza juzi hawezi kumfikia mzee hata awe na akili za ajabu, kwa sababu namba inapanda tu, haishuki. Na mtafiti wa hisabati hawezi kulinganishwa na mtafiti wa tiba, kwa sababu huko kwenye tiba wanaandika wengi na wanatajana kwa wingi. Hirsch mwenyewe alitahadharisha kwamba namba moja haiwezi kueleza maisha yote ya mtu. Lakini nani anasoma tahadhari? Namba ikaenda kwenye kamati za kuajiri, za kupandisha vyeo, za kutoa fedha za utafiti. Ikafika mpaka kwa mimi na aya yangu ya kwanza.

Haya, turudi kwa daktari.

Karatasi aliyonipa ilikuwa kivuli cha kivuli, ile fotokopi ya zamani ambayo kingo zake zimekuwa nyeusi. Nilikuwa nimejaribu kuitafuta mtandaoni baada ya yeye kunitajia kichwa chake, nikakuta inataka nilipe dola ili niisome. Makala kuhusu Wapogoro wa Tanganyika, na Mtanzania akitaka kuisoma alipe dola. Sawa.

Ilitoka mwaka 1965 katika jarida la magonjwa ya akili la nchi za Skandinavia. Mwandishi wake ni daktari wa kike kutoka Norway. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika Mahenge, kule milimani, wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro. Kwa wasioijua njia ile: hata sisi tuliosafiri miaka ya karibuni, kabla daraja la Kilombero halijakamilika, tulisubiri kivuko, na mto ukijaa ulilala ng'ambo. Sasa fikiria mwaka 1960. Huyu mama alikuta watu wengi mno wenye kifafa, kuliko alivyotegemea kukuta mahali pamoja. Alikuta wanaogopwa. Alikuta wana makovu ya moto, kwa sababu mtu akianguka jikoni hakuna wa kumgusa. Akafungua kliniki ya kifafa palepale Mahenge, akaanza kuwapa dawa, na huku anaandika anachokiona.

Katika alivyoviona kulikuwa na kitu cha ajabu. Baadhi ya watoto walikuwa hawaanguki kwanza. Walikuwa wanaanza kwa kutikisa kichwa, kichwa kinashuka na kupanda kama mtu anayesinzia kwenye basi la usiku. Baadaye ndipo mianguko inakuja.

Aliandika. Dunia ikageuza ukurasa.

Sitaki kutia chumvi: waliokuwa wanashughulika na kifafa barani Afrika waliijua kazi yake, na yeye mwenyewe aliendelea kuandika kuhusu Mahenge miaka mingi baada ya kuhamia Canada, alikofundisha Chuo Kikuu cha British Columbia. Lakini vile vichwa vya watoto vilivyokuwa vikitikisika havikumshughulisha mtu kwa miaka mingi. Daktari wetu alinionyesha na jambo jingine kwa kidole chake. Juu ya makala ile ya 1965, jina limeandikwa Aall-Jilek. Katika kazi za baadaye, jina ni lile lile lakini limegeuzwa: Jilek-Aall. Louise Jilek-Aall. Aall ni la kwao, Jilek ni la mumewe.

"Sasa mwanangu," akasema, "mashine yako ya kuhesabu ikikutana na majina haya mawili, itamjua kuwa ni mtu mmoja?"

Nikakosa jibu. Kumbe mwanamke anaweza kukatwa vipande viwili na mashine kwa sababu tu aliolewa, na kila kipande kikahesabiwa peke yake.

Miaka ya 1990 ikaja. Kusini mwa Sudan, katikati ya vita, watoto wakaanza kutikisa vichwa. Kisha kaskazini mwa Uganda, Kitgum, Pader na Lamwo, kwa Waacholi waliokuwa wametoka kuishi makambini kwa sababu ya vita. Mtoto anapelekewa chakula, anakitazama tu, kichwa kinaanza kwenda. Wengine baridi ndiyo inayowaanzishia. Mtoto anadhoofu, anaacha shule, anachelewa kukua. Wazazi wengine walilazimika kuwafunga watoto kamba wanapokwenda shamba ili wasitangatange wakaangukia moto au maji. Mwaka 2012 serikali ya Uganda ilifungua vituo maalumu vya matibabu, na mwezi Julai mwaka huo wataalamu kutoka pande nyingi za dunia wakakutana Kampala kuulizana: huu ni ugonjwa gani? Umetoka wapi?

Na hapo ndipo ile karatasi yenye kingo nyeusi ikaanza kutajwa. Aliyefuata nyayo akakuta zinarudi nyuma mpaka Mahenge, mpaka kwa yule mama.

Nyayo zilikuwa zimeanza kufufuliwa kidogo kabla. Mwaka 2008, jarida la Epilepsia lilichapa makala ya uchunguzi uliofanyika Mahenge kwa wagonjwa 62 wa kutikisa kichwa. Aliyeongoza ni Andrea Winkler, daktari kutoka Ujerumani. Waandishi wako 13, na kati yao wamo waliokuwa wakifanya kazi hapa Tanzania, akiwamo William Matuja wa Muhimbili. Angalia orodha ile mpaka karibu na mwisho. Jina la Jilek-Aall limo.

Toka 1965 mpaka 2008 ni miaka 43. Mtu aliona kitu akiwa kijana, akakiandika, akasubiri mpaka akawa bibi ndipo dunia ikageuka kuuliza: ulisema uliona nini? Sasa niambie, kama kamati ya cheo ingekaa mwaka 1975 na kuuliza habari ya watoto wanaosinzia "imetajwa mara ngapi", ingepata jibu gani?

Mpaka leo chanzo chenyewe hakijafungwa kesi yake. Ushahidi mkubwa unaelekeza kwenye usubi, ule ugonjwa wa minyoo midogo unaoenezwa na inzi weusi wa kwenye mito ya maji ya kasi, tuliozoea kuujua kwa kupofusha watu. Mahali penye kutikisa kichwa, usubi upo. Namna unavyofika kuuchokoza ubongo ndiyo bado wanabishana. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika vijiji vya Mahenge kifafa kilikuwa bado kinawapata zaidi ya watu wawili katika kila mia, baada ya karibu miaka 20 ya kugawa dawa ya usubi. Kwa hiyo hii si historia. Hivi ninavyoandika, kuna mama kule anamtazama mwanawe akipewa uji.

Nilimuuliza daktari: basi namba ni uongo mtupu?

Akatikisa kichwa. Namba si uongo, akasema. Bila watu kutajana, wale wa Kampala wangejuaje habari ya Mahenge? Tatizo ni kuhesabu nyayo halafu ukadhani umesafiri.

Kisha akanipa mfano wa upande wa pili. Mwaka 2006 jarida la Nature, ambalo watafiti wengi wangetoa figo wachapwe humo, lilitoa makala kuhusu aina fulani ya protini kwenye ubongo, ikidaiwa kuwa ndiyo inayoharibu kumbukumbu katika ugonjwa wa Alzheimer. Ilitajwa zaidi ya mara 2,000. Watu walipanda vyeo juu yake, maabara zikafuata njia hiyo. Mwaka 2022 mwandishi wa habari wa jarida la Science, Charles Piller, alitoa uchunguzi uliotokana na kazi ya daktari mmoja wa mishipa ya fahamu wa Marekani, Matthew Schrag, ulioonyesha kuwa picha za makala ile zina dalili za kuchezewa. Juni 2024 makala ikaondolewa rasmi. Zaidi ya mara 2,000! Wangapi kati ya hao waliomtaja walikuwa wameipima picha kwa jicho lao? Ndicho kitu Garfield alichokuwa anakihofia mwaka 1955.

Hapo nilijisikia vibaya kwa sababu ya pili, na hii ni ya kwetu sisi waandishi. Sisi tuna dhambi iliyo kinyume. Watafiti wanatajana mno bila kusoma. Sisi tunasoma mno bila kutajana. Mwenzako wa gazeti jingine kaichimba habari wiki tatu, wewe unaigeuza sentensi mbili, unaandika "imefahamika kwamba", jina lako juu. Imefahamika na nani? Nimefanya hivyo. Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kunitajia na tarehe.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishindwe kulala, ambalo mhariri wangu halijui.

Nina mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo. Ana kifafa tangu akiwa na miaka mitano. Likizo moja tulikuwa kijijini kwa bibi, mimi nina miaka 11, yeye ana 8. Tulikuwa watu wanne jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa akichochea kuni. Akanyooka ghafla, akaanguka, na mkono wake wa kushoto ukaingia katikati ya mafiga.

Hakuna aliyemgusa. Tulikuwa tumefundishwa tangu wadogo kwamba lile povu la mdomoni likikupata, nawe umeupata. Ukilisikiliza jina la ugonjwa wenyewe, kufa kumo ndani yake. Mtoto gani asiogope? Nilikimbia nje. Nakumbuka mpaka mti niliosimama chini yake, mwembe, na nakumbuka kwamba niliziba masikio. Bibi ndiye aliyemtoa motoni. Alijizungushia kanga mkononi kwanza ili ngozi isiguse ngozi, halafu akamvuta. Ule muda wa kuizungusha kanga ndio uliouunguza mkono ule mpaka vidole viwili vikashikana.

Shule aliachishwa darasa la tatu, kwa sababu wazazi wa wenzake walilalamika. Miaka ikapita, ndipo nesi mmoja wa zahanati alipomwanzishia fenobabitoni. Dawa ya zamani, iko duniani tangu 1912, ya bei ndogo, na ndiyo jamii ya dawa ambayo yule mama wa Norway aliwapa watu wa Mahenge. Kutoka kuanguka mara tatu kwa wiki akafika kumaliza miezi mizima salama. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa. Mdogo wangu ni mmoja wa hao 70, pale dawa inapokuwapo zahanati. Isipokuwapo, ni mmoja wa wale wengine.

Nilipomaliza kusoma ile karatasi, nilifika mahali panapoelezwa watu wanavyomwogopa anayeanguka, na makovu ya moto. Mwaka 1965. Wazazi wangu walikuwa bado watoto. Kila kitu nilichokifanya chini ya ule mwembe kilikuwa kimeshaandikwa, kikachapwa, kikafungiwa kabatini Ulaya kwa lugha ya kigeni, na hakuna hata mmoja jikoni kwa bibi aliyepata kusikia sentensi moja yake. Hiyo nayo ni namba. Makala ilitajwa mara ngapi kwa Kipogoro? Mara ngapi kwa Kiswahili, redioni, shuleni, msikitini, kanisani? Haipo mashine inayoihesabu. Kama ingekuwapo, nadhani ingetuaibisha sote, watafiti na sisi wa magazeti, maana kazi ya kuitoa kabatini ilikuwa yetu.

Nikampigia simu mdogo wangu. Siku hizi anauza vitumbua, na jiko lake ameliinua juu ya tofali, limezungushiwa ukuta mfupi wa udongo, ili akianguka asiangukie moto. Kajibunia mwenyewe. Nikamsimulia habari ya yule mama, ya watoto wa Mahenge, ya Uganda, ya jina lililogeuzwa, ya zile namba. Alisikiliza mpaka mwisho, huku nasikia mafuta yakichemka.

"Kaka, hao watoto walipewa dawa?"

"Walipewa. Alifungua kliniki."

"Basi andika hiyo kwanza."

Nikawaza, miaka mitatu ya chuo kikuu, na mhariri bora kuliko wote yuko kwenye vitumbua.

Niliiandika upya habari. Namba niliishusha mpaka aya ya tisa, na nilieleza inahesabu nini na haihesabu nini. Mahenge niliipa aya ya nne. Wagonjwa wa daktari mwenyewe niliwapa aya ya pili. Nilikwenda kukaa nao kliniki nusu siku, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kufungua mtandao. Na safari hii nilisoma kazi zake tatu, nyingine nikielewa nusu, lakini nilisoma.

Jumapili gazeti likatoka. Kichwa cha habari, kwa herufi nzito: ile namba. Mhariri aliipandisha juu. Nilipomuuliza akaniambia, "Dogo, namba ndiyo inayouza." Hakukosea, na mimi bado nahitaji mshahara.

Daktari alinitumia ujumbe mmoja tu: "Nimesoma. Aya ya nne ni nzuri." Sikuwa nimemtaja yeye hata mara moja katika aya hiyo.

Kwa mdogo wangu sijasema lile la mwembe. Nadhani anajua. Sijui kama naandika haya ili nimwombe radhi au ili nisiombe. Nimefika hapo, na nitaishia hapo kwa leo.

Ila naomba jambo moja, msomaji wangu, na hili ukilichukua huna haja ya kunitaja. Ukimwona mtu ameanguka kifafa, usikimbie. Povu haliambukizi, ni mate tu. Msogeze mbali na moto au maji au barabara. Mwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Mianguko ikitulia mlaze ubavu, ukae naye mpaka azinduke. Ikizidi dakika tano, au akirudia kuanguka kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali haraka.

Na huhitaji kuzungusha kanga mkononi kwanza. Mshike tu.